Kurasa Nne za Mwisho wa Zaina

Dada yangu Somoe alimkataa mchumba kwa sababu ya kurasa nne za kitabu cha mapenzi, na kurasa hizo niliziandika mimi nikiwa na miaka kumi na mitatu. Nimelijua hili mwaka huu, mwezi wa sita, nilipotoka Dar kwenda Newala na binti yangu kwa likizo. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nachambua kisamvu. Dada aliposema, niliacha kuchambua. Nikabaki nimeshika jani moja, sijui nilitupe wapi.

Lakini nianzie nyuma, maana wenzangu wa rika langu tu ndio watakaoelewa jambo lenyewe lilivyotokea.

Sisi tuliosoma shule ya msingi miaka ya tisini, kule juu Newala, likizo ya mwezi wa sita tuliijua kwa harufu. Ilikuwa harufu ya salfa. Baba zetu walitoka alfajiri kupuliza mikorosho, majani yakiwa bado yana umande ili dawa ishike, na walirudi saa nne wakiwa wa manjano kuanzia kope mpaka ndala. Baridi ilikuwa ile yenyewe ya Newala, ya ukungu mpaka saa tatu, ya kujifunga kanga mbili na bado meno yanagongana. Tulikunywa uji wa mtama, tukala ming'oko, mizizi ya porini, iliyochemshwa na bado ina moshi, halafu tukashuka bondeni kuteka maji. Kushuka kulikuwa mchezo. Kupanda na ndoo kichwani ndipo mtu alipokumbuka majina yote ya wazee wake waliotangulia.

Tukirudi, ilikuwa mihogo. Milima ya mihogo ya kumenya, kupasua na kuanika kwa ajili ya makopa. Wasichana wanane au tisa tulikusanyika kwenye ua wa mama mkubwa, kila mmoja na kisu chake. Na hapo ndipo vitabu vilipoingia.

Mnavikumbuka? Vidogo, vyembamba, vya karatasi ile inayogeuka rangi ya chai kabla hujamaliza kusoma. Kwenye jalada palikuwa na msichana mwenye kope ndefu na kijana ambaye masharubu yake yalionekana kuchorwa na mtu mwingine. Sisi majalada hayo tuliyasikia kwa kuambiwa tu. Vitabu vilitoka Dar, vikashuka Ndanda barabarani, vikapitia kwa mabinti wa manesi wa hospitali ya pale, ambao walikuwa wajanja kuliko sisi, vikaenda Masasi, ndipo vikapanda kwetu. Vilipofika vilikuwa vimeshavuliwa jalada na vina alama za vidole vya nusu ya mkoa. Kila nyumba ilikuwa na siku tatu, kisha kitabu kinahama. Mama zetu waliviita vitabu vya kuharibu watoto. Mama yangu hakuwa na maneno mengi. Alikuwa anauliza tu, "Kitabu kisicho na mtihani ni cha nini?"

Utaratibu wetu ulikuwa huu: mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanamenya, na msomaji hamenyi. Fungu lake linagawanywa. Mimi nilikuwa nasoma vizuri, tena nabadilisha sauti, ya mwanamume naileta nzito, ya mama wa kambo naipitisha puani. Kwa hiyo likizo nzima mikono yangu ilikuwa safi. Fungu langu alilimenya dada Somoe, karibu lote. Ni mtoto wa mama mkubwa, amenizidi miaka mitano, na wakati huo alikuwa ameshamaliza la saba na hakuendelea. Alikuwa hasemi sana. Alikuwa anamenya na kusikiliza, na sehemu ikiwa nzuri kisu chake kilisimama.

Mwaka ule tulipata kitabu cha Zaina. Jina lake halisi hatukulijua, tulikiita hivyo kwa sababu Zaina ndiye aliyekuwa ndani. Zaina ni msichana wa Tanga. Anampenda Rashidi. Rashidi anakwenda masomoni ng'ambo, anaandika barua, kisha barua zinakatika. Baba yake Zaina anamletea mchumba mwingine, mwenye mali, na anampa binti mpaka Ijumaa awe amejibu. Siku ya kwanza tulisoma, siku ya pili tukasoma, na jioni nikakiacha kitabu juu ya gunia la salfa ukumbini, tumebakiza mwisho tu.

Asubuhi nilikuta kitabu kimekuwa chembamba. Baba alikuwa ameamka gizani, anataka faneli ya kumiminia salfa kwenye mashine ya kupulizia. Akachana kurasa za nyuma, akazikunja. Nilikimbia mpaka shambani nikazikuta zimetupwa chini ya mkorosho, zimeloa umande, zimejaa unga wa manjano, haisomeki hata herufi moja. Baba alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Unalilia karatasi? Karatasi si karatasi tu?"

Ukurasa wa mwisho uliobaki ulimalizikia hivi: Zaina akafungua mlango, akamtazama baba yake, akasema... Hakuna zaidi.

Nilikuwa na saa mbili kabla wenzangu hawajakusanyika. Nikisema mwisho haupo, narudi kwenye kisu, na tena kitabu si chetu. Nikachana karatasi kwenye daftari langu la sayansi, nikajifungia stoo, nikaandika kurasa nne. Nikazigandisha ndani kwa uji wa muhogo. Walipouliza mbona zimeandikwa kwa mkono, nilisema binti mmoja wa Ndanda alizinakili kutoka nakala nyingine baada ya zile zenyewe kupotea. Nililisema bila kupepesa macho.

Katika kurasa zangu Zaina alimwambia baba yake, "Nitasubiri." Akasubiri miaka saba. Niliweka saba kwa sababu nilikuwa darasa la saba na niliona hakuna muda mrefu kuliko huo. Asubuhi moja Zaina akashuka bondeni na ndoo kuteka maji, akamkuta Rashidi amesimama kisimani na suti. Rashidi akachota, akajitwisha ile ndoo kichwani yeye mwenyewe, akapanda nayo mlima mpaka mjini, watu wote wanaona.

Ua mzima ulipiga kelele. Hakuna hata mmoja aliyeuliza Tanga kuna bonde gani. Kwetu maji yako bondeni, kwa hiyo maji ya dunia nzima yako bondeni. Nilipofika Tanga kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima, nikaona mji ulivyotandazwa chini kama mkeka, nilishtuka kama niliyefumaniwa.

Dada Somoe hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Ndoo aliibeba yeye?"

"Yeye."

"Kichwani?"

"Kichwani, dada."

Akarudi kwenye muhogo wake.

Kitabu kikahama, na mwezi wa kwanza mimi nikaenda sekondari Masasi, shule ya bweni. Nilipokuwa huko nilisikia habari mbili, kila moja kwa wakati wake, na sikuziunganisha. Ya kwanza ni kwamba Bakari wa Makote, aliyekuwa akimpenda dada Somoe, amekwenda Songea kujifunza udereva wa malori na ameahidi kurudi. Ya pili ni kwamba fundi Hashimu, fundi cherehani wa Mkomaindo, kijana mpole mwenye duka lake barazani, alileta posa na dada akakataa. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno kwenye ndoa, na Mjomba alikuwa ameshakubali. Alichukia. Wakasema Somoe ana maringo. Bakari hakurudi. Fundi akaoa kwingine. Dada akapanda mikorosho yake mwenyewe, akajenga nyumba ya bati, akatulelea watoto wetu kila likizo. Hakuolewa. Nilidhani ndivyo alivyotaka.

Sasa turudi kwenye kisamvu. Binti yangu Nasra, miaka kumi na mitano, alikuwa amejikunja kwenye jamvi na simu yake, analia.

"Mwanangu, nani kakuudhi?" dada Somoe akamuuliza.

"Mwandishi, mama mkubwa. Huyu mwandishi ni katili! Tangu asubuhi hajatuma sehemu ya arobaini na moja ya hadithi."

Tangu asubuhi! Sisi tulisubiri mwisho wa hadithi kutoka likizo ya Juni mpaka ya Desemba, na wakati mwingine kitabu hakikurudi kabisa. Vijana wa siku hizi wakicheleweshwa saa tatu wanataka kumshtaki mtu.

"Ni ya mapenzi?" dada akauliza.

Nasra akaona aibu. "Kidogo."

"Hee, mapenzi hayana kidogo. Weka simu chini nikuhadithie ya Zaina."

Nikacheka mwanzoni. Akahadithia vizuri, na nilishangaa anavyokumbuka majina ya watu ambao mimi nilikuwa nimeshawasahau. Akafika mlangoni, kwa baba. Kisha akaingia kwenye kurasa zangu, na alikuwa anazijua neno kwa neno. Sentensi zangu za darasa la saba, na makosa yake, zilitoka kinywani mwa mwanamke mwenye mvi.

"Mama mkubwa, Tanga kuna mlima gani wa kuteka maji?" Nasra akauliza.

"Upo. Umeandikwa."

Kisha akanigeukia mimi, anatabasamu. "Mama Nasra, unajua hadithi hii ndiyo iliyofanya nimkatae fundi? Mjomba aliniweka kitako akaniuliza, kwa nini? Nikamwambia, Zaina alisubiri miaka saba, na mimi nitamsubiri Bakari. Mjomba akafikiri sana. Akasema, 'Huyo Zaina ni wa ukoo gani?'"

Wakacheka yeye na Nasra mpaka wakashikana mabega. Hapo ndipo mimi nilipobaki na lile jani.

Na halikuishia hapo. Alipomaliza kucheka alifuta macho na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mke wa fundi Hashimu alifariki, mwaka wa pili sasa, na fundi ameleta maneno tena. Ameyaleta mwenyewe, kwa adabu, kwa sababu Mjomba hayupo tena. "Safari hii sijui nimwambie nini. Ukirudi Dar nitafutie kile kitabu. Nataka niusome ule mwisho kwa macho yangu kabla sijamjibu."

Nilisema, "Nitakitafuta, dada." Hilo tu.

Siku zilizobaki nilimkwepa kwa kazi. Niliosha vyombo vilivyokuwa safi. Nilikuwa nikimwangalia Nasra na simu yake na kujiuliza kati yetu ni nani aliyepata bahati. Yeye ana hadithi elfu moja, zote zina mwisho, na kufikia Jumatatu hakumbuki hata moja. Sisi tulikuwa na vitabu vinne au vitano kwa likizo, vimechanika, vina harufu ya salfa, na tuliviamini kama tulivyomwamini mwalimu. Hakuna aliyetuambia kwamba kitabu kinaweza kuandikwa na mtu mwenye njaa, au mvivu, au mtoto aliyejifungia stoo kwa kuogopa kumenya mihogo. Laiti tungekuwa na wasiwasi kidogo kama wa hawa watoto wetu, wanaobishana na mwandishi hapohapo kwenye simu. Lakini nikikumbuka kile kisu cha dada kilivyokuwa kinasimama kwenye sehemu nzuri, siwezi kusema kwamba ningetaka kiendelee tu kumenya.

Nikiwa nimerudi Dar nilimpigia. Nilimweleza yote: faneli ya baba, daftari la sayansi, uji wa muhogo. Upande wa pili nilisikia kuku wake.

"Zile kurasa uliandika wewe."

"Ndiyo, dada. Nisamehe."

"Na miaka saba?"

"Mimi."

"Wewe mtoto!" Sikuweza kujua kama ni hasira au kicheko. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea. "Sasa Zaina mwenyewe, yule wa kweli, alimwambia nini baba yake?"

"Sijui, dada. Sijawahi kujua."

"Basi kitafute hasa. Fundi nimemwambia angoje."

Nimeshazunguka kwa wauza vitabu vya zamani, wale wanaopanga chini kwenye turubai. Watatu hawakijui. Wa nne, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliniomba nimsimulie, nikamsimulia mpaka mlangoni. Akatikisa kichwa kwa furaha. Anakikumbuka sana, amekiuza mara nyingi, na mwishoni Zaina anaolewa. Nikamuuliza, anaolewa na nani?

Akafikiri. Akavua miwani, akaivaa. Hakumbuki.

Nimempigia dada Somoe nikampa hayo yaliyopatikana. Akasema, "Sawa, Mama Nasra," akakata simu. Leo ni Jumatano; Zaina alipewa mpaka Ijumaa. Fundi bado hajajibiwa.