Ng'ombe wa Maneji ya Papa Paluku

Enzi zetu, sisi watoto wa Keshero, Jumapili ilianza Jumamosi jioni, mama alipotuita uani kwenye beseni la maji ya moto na kusema, "Munasugua magoti mpaka nione ngozi yenye nilizaa!" Vumbi jeusi la mawe ya volkeno lilikuwa limetuingia mpaka kwenye mikunjo ya masikio. Tulisugua kwa moyo wote, maana aliyekwenda misani na magoti machafu hakuruhusiwa kwenda kwa Papa Paluku mchana. Na kukosa kwa Papa Paluku kulikuwa kuikosa dunia nzima.

Vijana wa leo nikiwaambia kwamba Goma ilikuwa na bustani ya michezo, huuliza ilikuwa na nini. Nawajibu: ilikuwa na kila kitu. Ilikuwa na bembea za minyororo, utelezi wa bati uliochoma mapaja kukiwa na jua, mama mmoja aliyekaanga sambaza, vidagaa vya ziwani, mlangoni, na katikati, kama altare, ilikuwa na maneji, bembea ya kuzunguka. Papa Paluku, fundi wa magari aliyestaafu, alichukua ekseli ya lori lililokufa, akaisimamisha wima kwenye zege, akaifungia mikono minne ya chuma, na mwisho wa kila mkono akaweka kiti cha mti wa mkaratusi. Kulikuwa na lori, ndege, mtumbwi na ng'ombe. Tulipanda tukazunguka. Nimepanda vitu vingi tangu siku hizo, ndege za kweli zikiwemo, na kwenye miji mikubwa nilikosomea nimeona mashine za kuwatapisha watu kwa bei ghali. Hakuna iliyonifanya nisahau ile ekseli.

Maneji haikuwa na mota. Ilisukumwa na watoto wenyewe, na sheria yake ilikuwa moja: kwanza unasukuma, kisha unapanda. Papa Paluku alikaa kwenye gurudumu la lori na fimbo yake, na hata ungekuwa mtoto wa mkubwa gani, ungemsikia: "Weye, mikono yako iko wapi? Mutoto mwenye hajasukuma hapande!" Siku moja alikuja mama mmoja na gari la vioo vyeusi, akataka mwanawe apande moja kwa moja kwa sababu viatu vyake vilikuwa vipya. Papa Paluku alimwambia, "Mama, viatu avivue, vitamungoja." Yule mtoto alivua, akasukuma, na jioni alilia alipoambiwa ni saa ya kurudi nyumbani.

Kila kiti kilikuwa na mashabiki wake. Mimi nilikuwa mtu wa ndege, na maisha yangu yamethibitisha kwamba sikukosea. Lakini kiti kilichopendwa kuliko vyote ni ng'ombe. Alikuwa mweusi mwenye mabaka meupe, macho makubwa ya kupakwa rangi, pembe moja imevunjika kwa kushikwa sana. Watoto wa familia zilizoteremka kutoka vilima vya Masisi walimheshimu kama ndugu. Kiongozi wao alikuwa rafiki yangu Bahati, ambaye kabla ya kumpanda alimpapasa shingo na kumwambia maneno ya Kihunde ambayo mpaka leo anakataa kunitafsiria.

Basi Jumapili moja tukafika, tukakuta ng'ombe ameondolewa. Mahali pake palikuwa na simba, mpya kabisa, meno nje. Papa Paluku alisimama kando yake akitabasamu, akingoja shukrani. Kisha Bahati akauliza:

"Papa Paluku, uyu simba anakamuliwa wapi?"

"Simba hakamuliwi! Simba ni wa nguvu! Batoto ba leo banapenda nguvu!"

"Ng'ombe iko wapi?"

"Alichoka. Anapumuzika."

Bahati aligeuka, akatoka nje ya lango la mawe, na watoto wote wa Masisi wakamfuata. Huko nje wakaanza kulia kama ng'ombe. Mooo! Waliokuwa wakitoka misani walisimama kuangalia. Sisi wa familia za Butembo, ambao ng'ombe tulimjua zaidi akiwa kwenye sufuria, tulisita kidogo, kisha tukajiunga, maana kelele ilikuwa tamu. Mama wa sambaza naye, uzito wote ule, akaacha kikaango akalia moo. Papa Paluku alitoka na fimbo akasema, "Munanililia mimi? Mimi ni muchungaji yenu?" Lakini niliona mabega yake yakicheka.

Jumapili iliyofuata ng'ombe alikuwa amerudi, pembe yake bado moja. Simba alihamishiwa mahali pa mtumbwi, na mtumbwi haukuliliwa na mtu yeyote.

Nimeeleza haya ili muelewe kilichonipata niliporudi Goma. Nilirudi na diploma yangu ya mekanika, ambayo sasa imepigwa fremu sebuleni kwangu, kila mgeni anaiona kabla hajakaa. Niliipata bila mjomba wa kunishika mkono na bila barua ya mtu. Nyumba yangu ya ghorofa hapa Keshero nimeijenga mwenyewe, na choo kiko ndani. Kwa hiyo habari iliposambaa kwenye simu kwamba Kahindo, binti wa marehemu Papa Paluku, anang'oa maneji ili aweke ukumbi wa kupigia picha za harusi, nilijua kazi hii ni yangu.

Kundi letu la watoto wa zamani wa Keshero liliwaka moto kwenye simu. Bembea zilipofungwa tulinyamaza. Utelezi ulipong'olewa tulituma vikaragosi vya kulia. Lakini maneji! Kila mmoja aliandika. Aliye Kinshasa aliapa kwa kaburi la mama yake, na mama yake yuko hai, anauza maharage Mugunga. Nami, pamoja na Bahati, nilikwenda kwa Kahindo, nimevaa suti, nikamwahidi mota. Nitaifunga mwenyewe, bure, kwa mikono hii yenye diploma.

Kahindo alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Papa mekanisie, motere haiko shida. Batoto biko wapi? Munanililia kwa simu usiku na mchana. Nani kati yenu alileta mutoto wake hapa huu mwaka?"

Bahati akatazama viatu vyake. Mimi nikatazama vya Bahati.

Tukakubaliana Jumapili moja. Maneji ikijaa watoto, anaiacha mahali pake na ukumbi wa picha unaenda pembeni. Isipojaa, inang'olewa. Kundi zima likaandika "Tuko pamoja!"

Jumapili ikafika. Mmoja alikuwa na harusi. Mwingine gari lake liliharibika, ingawa anakaa mita chache kutoka langoni. Yule wa Kinshasa akatuma kikaragosi cha ngumi. Tulifika mimi, Bahati na watoto wake, majirani wachache tuliowavuta, na binti yangu Neema, ambaye alimpanda ng'ombe, akaketi, akangoja, akauliza:

"Papa, kifungo cha kuwasha kiko wapi?"

"Hakuna kifungo. Kwanza unasukuma, kisha unapanda."

"Nisukume? Mimi?"

Tukasukuma sisi, wazee wawili wenye vitambi, Bahati akilia moo ili kuwapa watoto hamu, mimi nikitoa jasho ndani ya suti. Neema alicheka, nakiri alicheka vizuri. Lakini baada ya mizunguko michache alishuka akaenda kujipiga picha langoni, na wenzake wakamfuata. Mchana ule ekseli ilisimama zaidi kuliko ilivyozunguka. Kahindo hakusema "niliwaambia." Alituletea tu chupa mbili za sukre, soda baridi, na hilo liliniuma zaidi.

Ekseli imekwenda kwa fundi wa magari. Viti Kahindo alivigawa. Mimi na Bahati tulimgombania ng'ombe mbele yake.

"Nyinyi ba Butembo munajua bei ya nyama tu," Bahati alisema. "Ng'ombe ni yetu!"

"Weye unakaa nyumba ya kupanga. Utamufunga wapi, kwa balkoni?"

Nikashinda. Ng'ombe yuko uani kwangu, juu ya nguzo niliyoisimika kwenye sima, saruji ngumu, na kila Jumapili Bahati huja kukagua kama namtunza.

Enzi zetu furaha ilitoka kwenye mabega ya mwenzako, nawe ulimrudishia kwa mabega yako. Watoto wa leo furaha yao inatoka kwenye umeme, na umeme wa Goma tunaujua. Jumamosi iliyopita ulikatika, simu ya Neema ikaishiwa chaji, akatoka uani akamkalia ng'ombe.

"Papa, sukuma."

"Haizunguki, mama. Nimeisimika kwa sima."

"Sukuma tu."

Nikasukuma. Nguzo haikusogea hata kidogo, lakini Neema aliinamia pembe ile moja kama anayekata kona, nywele akizitikisa. Nilisukuma mpaka nikahema. Kisha akashuka mwenyewe, akavua ndala zake, akaja nyuma yangu na kuweka mikono yake mgongoni kwangu.

"Sasa ni zamu yako," akasema. "Panda."