Damu Iliyokataa Kuganda

Ndugu wa kanisa letu hapa Kolwezi, mnanijua. Nilikuwa fundi wa karakana ya mgodi wa Musonoi mpaka nilipostaafu, kisha nikawa mzee wa kanisa. Nilikuwa mzima, na mkali. Mkristo akionekana na alama mpya za wembe pembeni mwa kipaji cha uso, nilimsimamisha ushirika miezi mitatu. Nilisema kuchanjwa dawa ni kazi ya waganga.

Nilikuwa na miaka sitini na minane nilipoteleza kwenye matope na kugonga kisogo kwenye saruji ya mfereji. Sikuzimia. Nilicheka, nikaenda nyumbani.

Siku ya tatu kichwa kilianza kuuma. Nilinunua aspirine sokoni, nikameza mbili asubuhi, mbili mchana, mbili jioni. Maumivu yalizidi. Siku ya kumi nilimwita kwa siri mganga mmoja mzee mwenye wembe. Alinichanja mistari mitatu kila upande, akapaka unga mweusi. Mke wangu, Mama Ngalula, alishika kitambaa. Kililowa. Cha pili kikalowa. Damu ilitiririka mpaka shingoni. Kesho yake ufizi ulitoa damu, na mguu wa kushoto ukaanza kuburuta.

Mke wangu na wanangu wakanipeleka hospitali, na daktari alinivua kofia.

“Citoyen,” yaani mwananchi, ndivyo alivyoniita, “hii bidonda ni ya nini?”

“Ni fil de fer, docteur, waya wa uzio. Ilinikwaruza.”

“Fil de fer yenye kukata mistari mitatu huku, mistari mitatu kule, sawa na rula?”

Alichukua damu yangu kwenye kichupa, akakiinamisha mara kwa mara huku akitazama saa. Damu ilibaki maji.

“Damu imejikusanya ndani ya kichwa,” alisema. “Lazima nitoboe mufupa, niitoe. Lakini damu yako haigandi. Ulikunywa dawa gani?”

“Hakuna, docteur.”

Mke wangu alisimama.

“Anadanganya, docteur. Ile ni wembe. Na aspirine alikunywa sita kila siku, tangu juma ingine. Tata, mume wangu, ukasirike kama unataka. Mi sitaki kuwa mujane juu ya kiti chako cha mbele ku kanisa.”

Daktari aliweka kalamu chini. Alieleza kwamba pigo la kichwa peke yake linaweza kuharibu kuganda kwa damu, hasa kwa mzee, na aspirine imezidisha. “Ningekutoboa bila kujua, ungekufa mbele yangu.” Kwanza wanangu wawili na shemeji yangu walitoa damu, nikatiwa ikiwa bado mbichi. Ndipo akanitoboa. Damu iliyotoka ilikuwa nyeusi kama mafuta machafu ya injini.

Nilipona. Mkono wa kushoto bado ni mzito kufunga vifungo.

Niungame mengine. Wiki tatu nzima sikumsemesha mke wangu, kwa sababu alinivua nguo mbele ya watu kwa maneno yake. Na wazee wenzangu, waliosikia habari ya wembe, hawakunisimamisha ushirika hata Jumapili moja, nami nilikubali kimya.

Mzee akigonga kichwa, hata akicheka, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Msimpe aspirine. Msimchanje. Kama mmekwisha kufanya hivyo, semeni yote mbele ya daktari, aibu itapita.

Namshukuru Mungu, daktari, na waliotoa damu. Na wewe, Mama Ngalula, uliyeketi pale na akina mama: asante. Nilipaswa kukuambia siku zile ulipokuwa ukinilisha uji kwa kijiko, nami nikigeukia ukuta.