Mpishi Anayeonjewa Chumvi

Saa tano kasoro za asubuhi, mabati ya soko dogo la Kampemba, mjini Lubumbashi, yamekwisha kupata moto, na sufuria la sombe, kisamvu cha huku, linatokota juu ya mbabula, jiko la makaa. Mama Hortense Monga anachota kijiko, anakipuliza, anakisogeza mdomoni. Kisha anasita. Anageuka, anapita kati ya mabenchi hadi kwenye karai la mafuta la jirani yake, na kumnyooshea kijiko kile.

Jirani ni Joëlle, anayekaanga mikate ya mviringo na humwita Hortense yaya, dada mkubwa. Anaramba, anafumba macho, anafikiri.

"Bado kidogo, yaya. Tia nusu ya ile ulitia kwanza."

Hortense anarudi, anatia, anakoroga. Haonji. Ana miaka arobaini na saba, amesomesha watoto wanne kwa bukari, yaani ugali, na sombe, na kwa muda sasa hajui kama chakula chake kina chumvi au hakina.

"Muliona wapi mambo kama hii?" anauliza, akijaribu kucheka. "Mupishi anaonjewa, sawa mutoto anatafuniwa nyama."

Kicheko hakifiki mbali. Alhamisi hii anarudi kwa mganga wa meno aangaliwe kaakaa, na tangu wiki ianze usingizi wake ni wa mang'amung'amu. Juu ndani ya kinywa chake kuna doa jeupe. Ama linapungua, ama watalikata kipande wakapime ni ugonjwa gani. Kwa mtu mwingine yeyote hiyo ni habari mbaya. Kwa mpishi, ni kama kumwambia fundi wa viatu kwamba watampima mikono.

Doa hilo lina historia yake, na inaanzia mbali, kaskazini, huko Kabalo, ambako babu yake alikuwa mtu wa reli. Bibi yake alivuta sigara kama walivyovuta wanawake wengi wa rika lake pale shambani: upande wenye moto ndani ya kinywa, midomo imefungwa, moshi ukitoka puani kidogo kidogo. Upepo hauizimi, manyunyu hayaizimi, na mtu akipita njiani haoni kitu.

"Yeye hakunifundisha," Hortense anasema. "Miye nilikuwa namuangalia. Siku moja nikajaribu nyuma ya nyumba, nikaungua ulimi, nikalia. Kesho yake nikajaribu tena. Ujinga, njo vile inaanza."

Alipoolewa akaja Lubumbashi na tabia yake, akaificha. Katika familia yake, na katika kundi la akina mama wa parokia, mwanamke akionekana na sigara jina lake limekwisha. Lakini alikuwa na bahati, ambayo baadaye ilikuja kuwa mbaya: mpishi kunuka moshi ni kazi yake. Nani angemuuliza? Mume wake, Pierre, alilala pembeni yake miaka yote hiyo akidhani ni moshi wa makaa.

Kila siku, mara kadhaa, Hortense alikuwa akiacha sufuria na kuzunguka nyuma ya ukuta wa bohari lililofungwa. Alirudi akijifuta uso kwa kitenge. Sigara alizinunua kwa mwanamke wa kioski cha ng'ambo ya barabara, na kila mara alisema ni za mteja.

Moto ukila kaakaa hausemi. Kilichosema ni chumvi. Mwaka jana, mvua zilipoanza, chakula kilianza kuwa kimepooza mdomoni mwake, akaongeza. Kikapooza tena, akaongeza tena. Jeannot, fundi wa malori anayekula hapo mchana tangu zamani, ndiye aliyekuwa wa kwanza kusukuma sahani.

"Mama, hii ni sombe ao ni bahari?"

Watu wakacheka. Mwingine akadakia kwamba mpishi akizidisha chumvi, moyo wake uko kwa mtu. Mzaha wa kawaida, kila mpishi ameusikia. Kwa bahati mbaya mume wa Hortense yuko machimboni Kambove na anarudi nyumbani mwisho wa mwezi tu. Na kwa bahati mbaya zaidi, soko zima lilikuwa limekwisha kuona anavyopotea nyuma ya ukuta na kurudi akijifuta uso.

Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Soko likakaa kungoja lije.

Wateja wakapungua. Siku nzuri alizoea kuuza sahani arobaini. Zikafika siku za sahani kumi na tano, na bukari iliyobaki akaipeleka nyumbani ikaliwa hadi watoto wakanung'unika. Akina mama wa likelemba, wale anaochangishana nao pesa kila Jumamosi, wakaanza kunyamaza akifika. Hortense alijua wanachosema. Angeweza kuwakata kauli kwa neno moja tu: sigara. Hakuweza kulitamka.

"Fikiria," anasema, na hapa sauti yake inashuka. "Banasema miye niko na bwana ingine, na miye naona afazali banaseme vile. Nilikuwa nimefika pale."

Jino ndilo lililomwokoa, na halikuwa hata jino baya. Lilimuuma gego la juu, akaenda kwenye zahanati ndogo ya mtaani. Mganga wa meno, Casimir, kijana mpole mwenye sauti ya chini, alimulika taa kinywani, akaliacha jino, akabaki anatazama juu. Alitazama kwa muda mrefu kuliko jino linavyohitaji.

"Mama," akasema, "unavuta moto ndani?"

Hata mama yake mzazi alikufa hajui. Na huyu kijana, aliyemwona kwa mara ya kwanza siku hiyo, amesoma siri yake kwenye paa la kinywa. Akaitikia kwa kichwa, maana vidole vya daktari vilikuwa bado mdomoni.

Casimir hakumhubiria. Alimpa kioo ajionee doa lile, jeupe lenye vitone vyekundu. Akamweleza kwamba mengine ya namna hiyo hupungua mtu akiacha, na mengine hayapungui, na kwamba kwa kutazama tu yeye hawezi kusema hili ni la aina gani. Aache, arudi. Likikataa kuondoka, watakata kipande.

"Na usiache peke yako," alimwambia akiwa mlangoni. "Tafuta mutu moja, umwambie. Wenye banaacha kwa kujificha, banarudilia kwa kujificha."

Mtu mmoja. Rahisi kusema. Hortense alikaa na neno hilo kama na kaa la moto mkononi. Pierre? Angeuliza miaka yote ile alikuwa analala na nani. Padre? Angesamehe, halafu kila Jumapili angemtazama. Wahenga walikwisha kusema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini kati ya kujua methali na kufungua mdomo kuna mlima.

Joëlle ndiye aliyefika kwanza. Asubuhi moja aliepua karai lake, akamfuata Hortense nyuma ya ukuta, akiwa amejiandaa kwa maneno makali. Alikuta hakuna mwanamume. Alimkuta jirani yake amechuchumaa peke yake, pakiti ya sigara mapajani, haijafunguliwa, analia.

"Nilimufuata miye mwenyewe," Joëlle anasimulia, huku akigeuza mikate yake. "Nimekuja kumwambia aache yule bwana, maana yeye ni mama wa watoto wakubwa. Ananiambia, Joëlle, hakuna bwana, ni sigara. Ananionyesha kinywa. Nikakasirika vraiment, kweli kweli. Nikamwambia: kama ingekuwa mwanaume, yaya, ningeelewa. Lakini moto mu kinywa?"

Wakatazamana, wakacheka hadi Joëlle akakaa chini. Hortense anasema ndiyo mara yake ya kwanza kucheka tangu mvua zianze.

Tangu siku ile, Joëlle anaonja. Na wana utaratibu wao. Hamu ikimpanda Hortense, mikono ikianza kutafuta kitu, anagonga mfuniko wa sufuria kwa mwiko. Joëlle anaacha alichoshika, anakuja na kikombe cha munkoyo, kinywaji cha mahindi, au kipande cha tangawizi, anakaa naye hadi ipite. Wateja walidhani ni ishara ya chakula kuiva, wakawa wanakuja na sahani.

Kuwaambia akina mama wa likelemba kulikuwa kugumu zaidi. Hortense alipiga moyo konde, akasimama Jumamosi moja kabla pesa hazijazunguka, akasema yote, macho chini. Mama mmoja akafunga kitenge chake vizuri na kuondoka; mpaka leo hanunui kwake. Lakini Wivine, mkubwa wao, muuza samaki mwenye ulimi mkali kuliko visu vyake, akasema mama yake naye alikuwa akivuta hivyo hivyo, na alikufa kinywa kimeoza, na nyumbani waliita ni uchawi.

"Sisi tulikuwa tunamutafuta mulozi," Wivine aliwaambia. "Kumbe mulozi alikuwa mu pakiti."

Akaweka sheria hapo hapo: nyuma ya ukuta haendi mtu peke yake. Na yule wa kioski akapelekewa ujumbe kwamba mteja wa Mama Hortense amehama mji.

Ingekuwa hadithi ya kanisani, ingeishia hapo. Haikuishia. Siku ambayo dereva mmoja kutoka Kambove alimletea habari kwamba maneno ya soko yamemfikia Pierre, Hortense alitembea hadi mtaa mwingine kabisa, ambako hakuna anayemjua, akanunua sigara mbili na kuzivuta zote zikifuatana.

"Ya kwanza ilikuwa tamu," anasema bila kuficha. "Ya pili iliniunguza pale pale kwa doa. Nikaona nimejiua."

Alirudi akamwambia Joëlle mwenyewe, akitegemea matusi. Joëlle akachukua sufuria lililokuwa limeungua chini, akaanza kulisugua kwa mchanga.

"Bukari ikiungua, tunakosha chungu," akasema. "Hatutupi chungu. Anza tena."

Jioni ile ile wakampigia Pierre, Joëlle akiwa amemshika mkono. Hortense alisema kila kitu kwa pumzi moja. Kabla Pierre hajajibu, simu ikakatika. Ama ni mtandao, ama ni Pierre. Kule machimboni huwezi kujua. Siku zikapita bila neno. Mikono ikatafuta, mfuniko ukagongwa hadi ukabonyea upande mmoja. Mfuniko huo bado upo. Haukai sawa juu ya sufuria, mvuke unatokea pembeni.

Jana dereva yule yule alisimamisha lori, akainamisha kichwa dirishani.

"Bwana yako anasema anafika Jumamosi. Anasema umupikie sombe."

Hakuna zaidi. Wala salamu, wala swali. Hortense ameyageuza maneno hayo usiku kucha. Mtu mwenye hasira anaagiza sombe? Wivine anasema hapana. Joëlle anasema inategemea anaagiza kwa sauti gani, na dereva hakumbuki sauti.

Saa sita inafika. Benchi linajaa, siku hizi sahani zimepanda tena hadi karibu thelathini. Joëlle ana wateja wanne wa mikate kwa mpigo, hawezi kutoka. Hortense anasimama na kijiko mkononi, anatazama huku na huku kama mtu aliyesahauliwa kituoni. Kisha, pengine kwa mazoea ya zamani tu, anakitia mdomoni.

Anabaki hapo. Anakirudisha, anachota tena, anaonja tena, polepole, akisukuma chakula kwa ulimi hadi pembeni ambako doa halifiki.

"Joëlle," anaita. "Chumvi imezidi."

"Haiwezekani. Nimeonja miye mwenyewe."

"Imezidi, nakuambia."

Jeannot, aliyekwisha kupakuliwa, anatafuna tonge lake, anameza, na kwa mara ya kwanza katika miezi mingi ni yeye anayethibitisha badala ya kulalamika. "Ni kweli, mama. Leo iko na chumvi kidogo mingi."

Joëlle anaacha wateja wake wote wanne. Anakuja, anamshika jirani yake mabega. Mikate inaungua ndani ya karai na hakuna anayeishughulikia.

Hortense anajifuta uso kwa kitenge, pale pale mbele ya watu wote. Anaongeza majani na maji kidogo kwenye sufuria, anakoroga, anaonja tena. Doa bado lipo; asubuhi hii amelitazama kwa kioo kidogo alichonunua, na haoni kama limepungua au ni macho yake yanataka lipungue. Kama Casimir atasema wakate, watakata. Joëlle amekwisha kuahidi kufunga karai siku hiyo aende naye.

"Alhamisi njo siku naogopa," anasema. "Sitakudanganya, naogopa sana. Lakini Jumamosi ile sombe ya Pierre, hakuna mutu atanionjea."