Nusu Mbili za Wembe

Uthmani kinyozi alivunja kila wembe karibu na sikio la mteja. Aliushika ukiwa bado ndani ya karatasi yake, akaukunja kwa vidole viwili, tak, ukawa nusu mbili: moja ya kichwa, nyingine ya ndevu. Mteja alisikia mwenyewe kwamba wembe ni mpya na ni wake peke yake. Hata nchi jirani zilipoiwekea Burundi vikwazo na nyembe zikaadimika madukani, hata siku ambazo risasi zililia tangu asubuhi upande wa kaskazini, saluni yake ya mtaa wa Buyenzi iliendelea vilevile, tak, tak.

Léocadie alifika hapo mwanzoni mwa mwaka 1996, akiwa na miaka ishirini na minne na mtoto mgongoni. Vita vilikuwa vimemtoa mtaa wa Kinama, na mumewe hakuonekana tena. Alikuwa ameshapita saluni nne akiomba kufundishwa kazi, zote zikamcheka.

"We mama, utatunyoa ama utatusuka?" mteja mmoja alidakia kutoka kwenye benchi.

"We akusuke nini, na hicho kipara?" Uthmani alimjibu bila kugeuka. Kisha akamwambia Léocadie, "Mutoto utamuachia Mwanasiti, muke wangu. Mwezi wa kwanza utafagia, wa pili utaangalia. Wa tatu utaninyoa mimi."

Siku hizo watu waliulizana mtaa wanaotoka kabla ya kuulizana habari, maana mtaa ulitaja kabila. Uthmani hakumuuliza. Mwezi wa tatu ulipofika aliketi kwenye kiti chake mwenyewe, mlango ukiwa wazi, wateja wakitazama, akainua kidevu na kufumba macho. Kila mwanafunzi wake alianzia kooni mwake. Léocadie, aliyejua jinsi watu wa mji ule walivyokuwa wakiogopa mikono ya wenzao, alimkata mara mbili.

"Patron, nisamehe," alimwambia bosi wake.

"Umeogopa. Apana ogopa, koo ni yangu, ngoja mi ndiye niogope."

Benchi zima likacheka, naye akamaliza kazi.

Kosa alilifanya mwaka uliofuata. Uthmani alikuwa ameenda kuswali adhuhuri, akamwachia saluni kwa nusu saa. Akaingia Mzee Sleiman, mwenye duka la vitambaa, aliyetaka kichwa tu; ndevu zake hakuzigusisha wembe maisha yake yote. Nusu moja ya wembe ikabaki bila kutumika. Léocadie aliionea huruma. Wembe ulikuwa umekuwa kitu cha kutafutwa mji mzima, na yeye alitaka patron aone kwamba anajua kubana. Akaziweka nusu zote mbili kwenye kisahani, akazipangusa kwa spiriti, akageuka kumsindikiza mzee. Aliporudi, Télesphore, karani wa ofisi moja ya mjini, alikuwa ameshakaa kitini. Akachukua nusu moja, akamnyoa kidevu. Kulikuwa na tone la damu.

"Mbona sikusikia ukivunja?" Télesphore aliuliza.

Léocadie alitazama kisahani. Nusu mbili zilifanana kama macho ya mtu mmoja. Angeweza kusema ametumia ile mpya, na pengine ingekuwa kweli.

"Sijui nimechukua ipi," alisema.

Ukimwi ulikuwa ukizika watu kila wiki, na hakuna aliyehitaji kuelezwa. Télesphore aliruka na taulo shingoni, akapiga kelele mpaka majirani wakajaa mlangoni, na Uthmani akawakuta hapo. Alisikiliza upande wa karani, kisha upande wa Léocadie.

"Mufukuze leo!" Télesphore alisema. "Huyu ataua watu!"

"Ni mi niliyekunyoa," Uthmani alisema. "Saluni ni yangu, mwanafunzi ni wangu, nami ndiye nilimwacha peke yake. Ukitaka kumufukuza mutu, anza na mi."

Alivua koti lake la kazi, akafunga mlango, akaenda kwa miguu hadi dukani kwa Mzee Sleiman kumweleza jambo ambalo mtu hapendi kumweleza mzee anayeheshimika. Akawafikisha mzee na karani zahanati kupimwa damu, akaketi nao barazani mpaka zamu yao. Majibu yalikuwa mazuri, lakini daktari akawaambia warudi baada ya miezi mitatu ndipo watakuwa na hakika.

Miezi hiyo mitatu Léocadie aliihesabu siku kwa siku. Akifukuzwa, hakuna saluni nyingine ambayo ingempokea. Angerudi na mtoto wake kulala chini ya turubai la wakimbizi. Benchi lilikuwa limebaki nusu. Hata Mwanasiti, aliyempenda mtoto yule kama mjukuu, alimwambia mumewe, "Baba Soumaya, mupumzishe kidogo, watu wasahau."

"Nikimupumzisha atabaki na lile kosa tu. Ngoja ajifunze na mengine."

Kila asubuhi Uthmani aliketi wa kwanza kitini, mlango wazi, Léocadie akamnyoa mbele ya wapita njia. Alikuwa na kidevu laini kama cha mtoto mchanga miezi hiyo, na majirani walimtania kwamba anatafuta mke wa pili.

Majibu ya mwisho yalikuwa safi kwa wote wawili. Wiki hiyohiyo Télesphore akaja, akapita kiti cha Uthmani, akaketi mbele ya Léocadie.

"Vunja nisikie," alisema.

Léocadie alikaa Buyenzi miaka mitatu zaidi, kisha akafungua saluni yake Kinama, watu walipoanza kurudi. Naye akachukua mwanafunzi, kijana aitwaye Cirimwami. Mwaka 2004, aliposikia kwamba Uthmani amelala kitandani na figo zimeshindwa, akafunga safari na vifaa vyake ili amnyoe nyumbani. Alikuwa amemaliza shavu moja mgonjwa alipofumbua macho.

"Nani iko ku saluni?"

"Cirimwami, patron. Anaanza kujua."

Uthmani aliondoa taulo shingoni kwa mkono wake mwenyewe, povu likiwa bado upande mmoja wa uso. Ijumaa ya wiki ile akafariki, na Léocadie hakuwahi kusikia tena sauti yake baada ya maneno haya:

"Ndevu itangoja. Rudi, mutoto asikosee peke yake."