Mke Wangu Hakuwa Akitania

Niliharibu jibu la bibi yangu mbele ya mtafiti, tena kwa kujiona mchekeshaji. Naanza na hilo ili mnitukane mapema tumalizane, maana kuliogopa nako kumenichosha.

Ulikuwa msimu wa korosho, kwetu Nkowe, na nyumba nzima tulikuwa hoi. Mama alikuwa akirudi kutoka shamba mgongo umepinda, akioga tu anaanguka kitandani. Mimi nilikuwa likizo ya kidato cha tatu, likizo ya jina, kwa sababu kuokota korosho ni shule nyingine isiyo na kengele ya mapumziko. Bibi, mama yake mama, alibaki nyumbani na kuku wake.

Kwetu bibi na mjukuu ni watani. Ananiita mume wangu, namwita mke wangu. Ananiambia sina kazi wala sura. Namwambia nimeshaposa kigoli Ruangwa mjini, asubiri talaka. Hata kifo tunakitania. Siku moja tu kabla mtafiti hajaja nilimwambia kaburi lake nimeshalipima kwa jembe, yeye ndiye anayechelewesha mambo.

Basi akaja dada mmoja, mtafiti wa saikolojia, aliyefikia Nachingwea na kuzunguka vijijini akiwauliza wazee kama wanalala, wanakula, wana furaha. Kiswahili cha bibi ni cha sokoni: bei ya mihogo kinaitosha, mambo ya moyoni hakiyafikii. Hayo huyasema kwa Kimwera. Mama yuko shambani, nikawa mkalimani.

Kuhusu usingizi, bibi alisema mumewe huyu anakoroma kama mashine ya kukoboa. Nikatafsiri, dada akacheka, nami nikavimba kichwa. Kisha dada akashusha sauti, akauliza kama kuna siku bibi anajiona amechoka kuishi. Bibi akasema kwa Kimwera kwamba ndiyo, amechoka, na chakula chake anawamwagia kuku, wao bado wana hamu.

Mimi nikajua ni yale yale ya kaburi. Nikamgeukia dada.

"Anasema hafi mpaka nimfanyie harusi."

Dada akacheka tena, akaandika, akatuachia namba yake, akaaga. Bibi neno harusi analijua vizuri. Siku nyingine angenirushia ufagio. Siku hiyo aliniangalia tu, akaingia ndani, akalala kageukia ukuta.

Jioni nilikwenda kufungia kuku. Nyuma ya jiko nikaukuta ugali wa bibi wa mchana, haujamegwa hata tonge, kuku wanaugombania. Nikakaa juu ya kinu. Nilichoka uchovu ambao shamba halijawahi kunipa.

Mama aliporudi nikamweleza yote, na kaburi pia. Hakunipiga. Nadhani mkono wenyewe haukuwa na nguvu. Alinipa simu, akasema nimpigie dada nimwambie kwa mdomo wangu. Nikamwambia nilidanganya, na bibi alisema nini hasa. Dada akasema kesho asubuhi anakuja.

Akaja na bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope. Mama hakwenda shamba. Yeye ndiye aliyetafsiri, mimi nikakaa kizingitini, domo langu nimelifunga. Bibi alieleza polepole kwamba tangu babu afariki hajala na mtu. Tunamfunikia sahani, tunaondoka, tukirudi, tunalala. Chakula cha peke yake hakimpiti kooni. Mama alitafsiri yote, neno kwa neno.

Dada akashauri bibi apelekwe hospitali akapimwe, na asiachwe peke yake hata kidogo. Yeye atarudi kumwona.

Mchana huo korosho zilibaki chini ya mikorosho. Mama alisonga ugali, akatandika mkeka mbele ya bibi, akaweka sahani moja. Kisha akaniangalia.

"Mimi nimekaa naye humu ndani nikidhani anashiba," akasema. "Kanawe mikono. Unakula na mkeo."