Ushuhuda Nilioutoa Mapema

Kwa miaka tisa nilifanya kazi nyuma ya duka moja la dobi pale Adams Arcade, kwenye chumba ambacho mvuke haukuisha. Kazi yangu ilikuwa pasi. Mashati asubuhi, suruali baada ya chai, na nguo za kanisani siku ya Ijumaa, maana kila mtu alikumbuka Jumapili ikiwa imebaki siku mbili. Mvuke ulipanda, dirisha likafifia, na mimi nikafifia nalo. Mkono ulijua kazi yake, kichwa kilikuwa huru kwenda kilikotaka.

Nacho kilitaka gari. Nje ya dirisha lile kulikuwa na gari dogo jeupe la kupelekea wateja nguo, na kila siku saa nne lilijazwa mashati niliyoyanyoosha mwenyewe, likaondoka. Niliyajua mashati hayo kuliko wenyewe walivyoyajua. Nilijua nani amenenepa, nani ameacha kufunga tai, nani anatokwa na jasho kwapa moja tu. Lakini nyumba zao sikuzijua. Nilizijenga mimi ndani ya mvuke: hii ina ngazi za mawe, hii ina mbwa mzee asiyebweka, hii mwenyewe hufungua mlango kabla hujabisha. Nikawa naendesha kwenda huko taratibu, kioo nimekishusha, pasi ikiteleza mbele na nyuma, mpaka nisikie harufu ya kola inayotaka kuungua.

Dereva alikuwa mzee mmoja wa Pwani, mtu wa kanzu safi kila Ijumaa na maneno machache siku zote. Mwaka wangu wa tisa akasema inatosha, Desemba anarudi kwao. Mwenye duka akaja mpaka kwenye meza yangu, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya.

"Mama, nasikia unapenda gari," akasema. "Ukileta leseni kabla ya Krismasi, hii gari ni yako kuendesha. Usipoleta, natafuta mtu wa nje."

Nikamshukuru kwa heshima, akaondoka. Nikainamia shati lililokuwa mbele yangu nikalia kidogo kwa furaha, na shati lenyewe nikalipiga pasi hivyo hivyo.

Shule ya udereva ilikuwa katikati ya jiji, ghorofa ya tatu, juu ya duka la vitambaa. Nilikwenda jioni nikitoka kazini. Katikati ya chumba palikuwa na meza, na juu ya meza palikuwa na mji. Yeyote aliyejifunza udereva Kenya anaujua mji huo: ubao uliopakwa rangi, barabara nyeusi na mistari myeupe, mizunguko miwili, hospitali, shule, posta, vyote vya mbao, na vigari vya watoto vya kusukuma kwa kidole. Mtihani huanzia hapo. Polisi anakuambia toa gari hapa upeleke pale, na wewe unasukuma kigari huku ukitaja kila unachofanya, mtu mzima na akili zako timamu. Wengine waliona haya. Mimi niliupenda mji ule kupita kiasi. Haukuwa na msongamano, haukuwa na matope, wala hakuna aliyekuwa na haraka. Nikifumba macho nilijiona nimekuwa mdogo kama punje ya mchele, nimekaa ndani ya kigari, napita shuleni, napita hospitalini, jua halisogei.

Barabarani pia nilikuwa sawa. Mwalimu alinipitisha Ngong Road, akanifikisha Naivasha Road, tukapita hata mbele ya ploti ya vyumba vya kupanga ninayoishi Riruta, akasema mkono wangu ni mwepesi. Kwa hiyo msinionee huruma. Kujua nilijua. Shida ilikuwa siku yenyewe ya mtihani.

Siku ya mtihani wa kwanza nilifua blanketi. Niliamka alfajiri, nikalitazama, nikahisi kwamba haliwezi kukaa chafu hivyo hata saa moja zaidi. Ilikuwa Julai, ukungu wa Riruta umeshuka mpaka kwenye kamba za nguo, na mimi naloweka blanketi. Lilikauka baada ya siku nne. Siku ya mtihani wa pili nilijitahidi, nilifika mpaka getini. Nikawaona wenzangu kwenye foleni na bahasha zao, na tumbo likanikumbusha kwamba sijala. Nikavuka barabara, nikaagiza chai na mandazi mawili, nikala polepole mno huku nikiwatazama kupitia dirishani, mmoja mmoja wakiingia, mpaka foleni ikaisha. Nilipoondoka pale nilikuwa na raha. Sisemi uongo. Magoti yalikuwa mepesi, moyo umetulia, na jua la saa tano lilinipendeza kama la siku ya mapumziko. Nikajiambia ni bahati mbaya tu.

Sasa lazima niseme habari za ushirika wetu. Kila Jumatano jioni, wapangaji na majirani tulikutana sebuleni kwa mwenye ploti, mama mzee tuliyemwita shosho, yaani bibi, sote, hata wasio na undugu naye. Tuliimba, tukasoma, kisha tukatoa maombi. Mtu anasema shida yake, wenzake wanaiombea wiki hadi wiki, na ikishatatuliwa anasimama kutoa ushuhuda. Ombi langu la leseni lilikuwa limeombewa tangu Mei, na watu walianza kuchoka nalo. Nilikuwa nikimwona shosho akiliruka kidogo kwa macho kwenye orodha yake.

Tena kwetu kuna kushukuru kwa imani. Unasimama, unashukuru kwa jambo ambalo bado halijaja kana kwamba limekwisha kuja, ili Mungu ajue humtilii shaka. Lakini kuna utaratibu wake: unaanza kwa kusema "kwa imani," watu wakuelewe. Jumatano iliyofuata siku ya mandazi nilisimama, nikashika ukingo wa kiti kilichokuwa mbele yangu, nikasema, "Nashukuru Mungu kwa sababu amenipatia leseni." Yale maneno mawili ya mwanzo hayakutoka. Mpaka leo sijui kama niliyasahau au niliyameza.

Sebule ililipuka. Akina mama walipiga vigelegele, mtu akasema nipigiwe makofi ya kilo, yale ya mpigo mmoja wa wote, nikapigiwa. Shosho alinikumbatia, na kifua chake kilinukia moshi wa kuni na mafuta ya mgando. Soda zikaletwa. Kijana mmoja wa kwaya akanisalimia, "Niaje, dere," na nikauitikia udereva huo bila kusita. Nilitembea hatua ishirini kutoka pale hadi chumbani kwangu kana kwamba ardhi imewekewa godoro.

Nilikuwa nimekula sherehe ya jambo ambalo halijatokea, na nikashiba. Agosti ikapita, Septemba ikapita, wala sikwenda kujiandikisha tena. Sikuona haja. Watu waliniita dereva, nami jioni nilikuwa nikiendesha kichwani, barabara zote tupu, taa zote kijani. Kazini mzee wa Pwani aliniuliza mara moja, "Mwanangu, yale mambo yamefikia wapi?" Nikamwambia yako karibu. Alinitazama kidogo akaendelea kupakia mashati.

Oktoba, mbele ya ushirika wote, shosho akanyoosha mkono na ufunguo ndani yake. Gari la mwanawe aliyekuwa ng'ambo lilikaa uani chini ya turubai, na fundi alikuwa amekuja kuliwasha.

"Wewe si uko na leseni?" akasema. "Basi Jumamosi utanipeleka Limuru nione dada yangu. Hawezi kutoka kitandani, na mimi hii miguu imekataa kupanda magari ya watu."

Jumamosi asubuhi alikuwa amekaa kiti cha nyuma kabla sijavaa viatu. Kitambaa kipya kichwani, chupa ya chai mapajani, kikapu cha ndizi pembeni. Nikakaa kwenye usukani. Nikawasha. Injini ilinguruma vizuri, na geti lilikuwa limeshafunguliwa. Nilimwona shosho kwenye kioo, ametulia, amejiandaa kufurahia safari. Na nilijua ningeweza kumfikisha. Hilo ndilo lililonimaliza: kwamba ningeweza, na bado nilikuwa mwongo.

Nikazima gari.

"Shosho, mimi sina leseni. Hata mtihani sijafanya."

Nilisikia chai ikitikisika ndani ya chupa alipoiweka chini.

"Na ile ulitushukuria?"

"Ilikuwa ya imani."

"Hukusema ya imani."

"Sikusema."

Akafungua mlango, akashuka, mguu mmoja, kisha wa pili, kwa shida. Akainama dirishani. "Ulishukuru mbele ya watu. Utarudisha mbele ya watu." Akaingia ndani na ndizi zake. Limuru hakwenda siku ile, wala wiki ile, na kila nikiwaza kuhusu dada yake amelala akisikiliza geti lake nilitamani kufukiwa.

Kabla ya Jumatano nilimwambia yule mzee wa Pwani yote, maana nilikuwa napiga pasi shati moja kwa mara ya tatu naye akaona. Nilimweleza mpaka mambo ya ngazi za mawe na mbwa mzee. Nilitegemea atacheka. Alionekana kushangaa tu.

"Ngazi? Mie sijaona ngazi. Mie naona geti. Napiga honi, bawabu hutoka, huchukua nguo, hurudi ndani. Miaka kumi na minne, magetini tu."

Niliumia. Kwa kweli niliumia kama mtu aliyeambiwa nyumba yake imebomolewa. Nikasimama na pasi mkononi, mvuke ukipanda, na nyumba zote nilizozijenga kwa miaka tisa zikaanza kuondoka moja moja. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa nilichokuwa nikikilinda kwa blanketi na mandazi. Nilikuwa nikiogopa kufika.

"Sasa, gari, we bado walitaka?" akauliza.

Nikafikiria kwa haki. Geti. Honi. Bawabu. Barabara ya kwenda, na ya kurudi. "Bado nalitaka," nikasema.

"Basi siku hiyo mikono itatetemeka. Iache itetemeke. We endesha."

Jumatano nilisimama. Nilisema nilishukuru kabla ya wakati na sikuwaambia, na kwamba sijafanya mtihani wowote. Hakuna aliyesema amina. Yule kijana wa kwaya aliangalia viatu vyake. Mama mmoja akacheka, akajizuia, akacheka tena. Nilitaka shosho aseme neno la kuniponya, lakini alikuwa akitafuta miwani yake.

"Hiyo ombi tumeifunga," akasema alipoipata. "Hatuiombei tena. Hiyo ni ya kuenda, sio ya kuomba. Haya, nani mwingine?" Na jirani akaanza kueleza habari za ng'ombe wake aliyekataa kula.

Nilirudi chumbani kwangu nikalala mapema. Sikuwa na makofi, sikuwa na ombi, na zile nyumba hazikuwepo tena. Nilishangaa jinsi kichwa kilivyokuwa kitupu. Nilisikia maji yakidondoka kwenye pipa la jirani, tone baada ya tone, na nikasinzia nikiyahesabu.

Mwanzoni mwa Novemba nilipanga foleni na bahasha yangu. Tumbo lilinikumbusha kwamba sijala, nikaliambia tutakula baadaye. Mijakaranda ilikuwa imemwaga maua yake barabarani, kila kitu kina rangi ya zambarau, watu wanaongea kwa sauti za mbali, na mimi nikasogea, nikasogea, mpaka nikajikuta mbele ya ubao. Afisa alikuwa mwanamume mnene, mchovu, mwenye kofia kando yake.

"Toa gari hapo posta, peleka hospitali."

Niliweka kidole kwenye kigari. Kilianza kugonga ubao kwa jinsi nilivyotetemeka, tak tak tak, chumba kizima kikisikia.

"Unatetemeka, mama."

"Ndio, afande."

"Haya, enda."

Nikaenda nikitetemeka. Nikataja kioo, indiketa, kivuko. Nikafika kwenye mzunguko wa pili. Nilitakiwa kutoka njia ya tatu, nilijua kama ninavyolijua jina langu, na hapo hapo ile raha ya siku ya mandazi ikaja kunichukua. Toka ya pili, iliniambia. Kosa dogo tu. Saa sita utakuwa umejilaza nyumbani, na hakuna atakayekuuliza kitu tena. Ilikuwa sauti tamu, na ilikuwa yangu mwenyewe. Kidole kilisimama. Nilikasirika, hasira safi ambayo sikuwahi kujionea, nikaipita njia ya pili, nikatoka ya tatu, nikaegesha mbele ya hospitali ya mbao.

Barabarani, naye ameketi kando yangu, gari lilinizimikia mara moja kwenye mwinuko. Nikavuta breki ya mkono, nikawasha tena, nikaondoka. Tulizunguka, tukarudi. Akaandika kitu kwenye karatasi yangu, akanirudishia. Sikuisoma. Niliishika tu.

"Afande, samahani. Nimeanguka?"

Akanitazama kwa mara ya kwanza vizuri. "Umepita. Kwani ulikuwa unataka kuanguka?"

Lilikuwa swali la mzaha, na mtu mwingine angecheka akaenda zake.

"Nilikuwa nataka," nikamwambia. "Kwa muda mrefu sana."

Akavaa kofia yake, akaita mtu aliyefuata.