Refa wa Wasiokufa

Tabu Mwishehe alikuwa refa wa netiboli, na katika viwanja vya Temeke wachezaji walimwogopa kuliko mvua. Si kwamba alikuwa mkali. Kitabu cha sheria alikuwa nacho kichwani, na ukimbishia anakutajia kifungu. Siku za kazi alikuwa mpiga chapa wa kiwanda kimoja cha sabuni kule Mikocheni. Jioni alirudi Tandika, kwenye nyumba ya urithi yenye baraza pana la saruji.

Mwaka tisini na tano, akichakura vitabu vya mitumba Kariakoo, aliokota kijitabu cha Kiingereza chenye picha za watu wenye mapanga na majedwali tele. Alidhani ni cha hesabu. Kumbe ulikuwa mchezo: watu wanakaa mezani, mmoja anasimulia safari, wengine kila mtu anajifanya mhusika wake, na penye mashaka dadu inaamua. Uwanja hakuna, mpira hakuna, ni sheria tupu. Alikisoma miezi miwili, kamusi pajani.

Wachezaji aliwapata wawili: Anwar, fundi wa redio na televisheni wa mtaa wa pili, na Demetria, nesi kutoka Bukoba aliyepanga chumba cha uani. Kila Jumamosi, vyombo vya mchana vikishaoshwa, walikutana barazani.

Shida ililetwa na televisheni. Vituo vilikuwa ndiyo kwanza vimeanza, na kila Alhamisi jioni mtaa mzima ulijaa dukani kwa Anwar kutazama tamthilia ya watu wasiokufa. Wamezaliwa enzi za mababu wa mababu. Wanachomwa visu leo, kesho wanatembea. Jumamosi moja Anwar akatangaza, "Sista, huyu mwindaji wangu nimemchoka. Nataka kuwa asiyekufa."

Kitabuni mtu wa namna hiyo hakuwemo. Kila mhusika alikuwa na alama za uhai, zikiisha amekufa. Tabu aliona jambo rahisi. Mahali pa alama za Anwar akaandika: haziishi.

Nusu saa tu, mchezo ukaharibika. Anwar alijirusha korongoni badala ya kutafuta njia ya kushuka. Akameza sumu ili aonje. Demetria, ambaye mhusika wake alikuwa mkunga mzee anayeogopa hata nyoka wa kamba, akaweka dadu chini.

"Dada Tabu, mie hapa nacheza nini? Huyu hafi, sie tunamsindikiza tu."

Refa mwingine angemkatalia Anwar, yakaisha. Tabu udadisi ulimshika. Alhamisi iliyofuata alikwenda dukani na daftari, akawa anaandika kwa hatimkato. Hakuandika nani kampiga nani. Aliandika wasiokufa wanaogopa nini. Wanahama miji. Wanabadili majina. Picha hawapigi. Mgao wa umeme ulipokata kipindi katikati, aliwauliza watazamaji gizani, "Nyie mnadhani kwa nini anahama?" Kila mtu akawa na lake, na hakuna lililomtosheleza.

Ndipo akakumbuka nyumba ya tatu, kwa Bi Mwanakombo, ambaye umri wake ulikisiwa tisini na ushei. Alimkuta ukumbini anachambua choroko.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Leo filimbi umeiacha?"

"Nimekuja kuuliza. Kuishi sana kuna ugumu gani?"

"Miguu," bibi akajibu papo hapo. Akatupa kijiwe. "Halafu hakuna wa kunibishia. Zamani nikisema harusini kwa Hija nilivaa kanga nyekundu, mwenyewe Hija anasema, mwongo wewe, ilikuwa ya buluu! Sasa nikisema nyekundu, nyote mnaitikia, ndiyo bibi. Basi hata mie sijui tena ilikuwa rangi gani."

Tabu alirudi nyumbani mbio mbio na kuandika kanuni. Asiyekufa aanze na majina saba ya watu wanaomjua. Kila akifa na kuinuka, jina moja lifutwe. Yakiisha yote ataendelea kuishi, ila hatakuwepo wa kuthibitisha neno lake lolote.

"Majina tu?" Anwar alibetua midomo, akajirusha korongoni kama kawaida. Jina la kwanza likafutwa. Alipofika la nne alianza kuulizia kamba. Alipobakiwa na moja, la mkunga wa Demetria, ghala likashika moto na mkunga yumo ndani.

Anwar alishika dadu asiirushe. "Refa, nikifia humo nikainuka, jina la mwisho ndilo lake. Mkunga anakufa, au ananisahau?"

Tabu akapekua karatasi zake. Hakuwa ameandika. Miaka kumi na mitano ya filimbi, hajawahi kuulizwa jambo akakosa kifungu.

"Sijui," akasema, akashangaa kuona neno lenyewe halimchomi. "Demetria, mkunga ni wako."

Demetria alifikiri. "Ananisahau," akasema, kisha akajirekebisha: "Yaani, mie ndiye ninayemsahau."

Anwar akarusha. Alimtoa mkunga, paa likamwangukia, akafa, akainuka. Tabu akampa kalamu afute jina mwenyewe. Demetria akamgeukia Anwar na kumwambia kwa sauti ya kizee, "Ahsante, mwanangu. Kwani wewe ni wa nani?"

Anwar aliweka kalamu chini. Akatazama karatasi yake. "Wa hapa hapa," akasema taratibu, na mizaha yote ikamwisha.

Jumatatu, saa ya chakula, Tabu aliipiga chapa kanuni ile kwa mashine ya ofisi, na nakala mbili za kaboni. Wakaendelea kucheza mpaka mwaka uliofuata, Demetria alipohamishiwa Songea. Muda wote huo Anwar alibaki na asiyekufa wake, lakini sasa kila kijiji alichoingia mchezoni alianza kwa kuuliza watu majina yao na kukaa nao. Hilo likamlazimu Tabu atunge kifungu kingine: mgeni anywe kahawa na mtu vikombe vingapi ndipo ahesabiwe kuwa anajulikana? Anwar alisema vitatu. Demetria akasema kwa alivyoona wodini, kimoja kinatosha. Tabu akaandika kimoja, kwa penseli.